Minazi ya mapambo ya kivulini Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa na watu wa Kizingo, Tudor, Nyali, Likoni na kwingineko, hasa wale walionunua mnazi wa mapambo kando ya barabara ukiwa umenawiri, na miezi mitatu baadaye ukaanza kukauka ncha. Majibu yamepimwa kwa joto, chumvi na upepo wa pwani. Aliye Nairobi asome, lakini ya maji na jua ayapunguze mwenyewe.

## Kwa anayeanza

Ni minazi gani inayopenda kivuli kweli?

Ni ile ambayo kwao humea chini ya miti mikubwa. Hapa Mombasa utakazokuta au kuweza kuzitafuta ni hizi. Kamedorea ndogo, Chamaedorea elegans, asili yake Mexico na Guatemala, ambayo ndani ya chungu hupita kwa nadra kimo cha mtu. Kamedorea ya mianzi, Chamaedorea seifrizii, yenye vijiti vyembamba vya kijani vilivyosimama kichaka kizima. Rapisi, Rhapis excelsa, kutoka kusini mwa Uchina, yenye makuti yaliyochanika vidole vidole na shina lililovaa nyuzi za kahawia. Na likuala, Licuala grandis, kutoka visiwa vya Vanuatu, ambayo kuti lake ni duara zima lenye mikunjo, na ndiyo ghali kuliko zote.

Areka ya Madagaska, Dypsis lutescens, ile yenye mashina ya manjano iliyojaa kila hoteli, iko katikati: inavumilia kivuli chepesi lakini hainenepi gizani. Mkia wa samaki, Caryota mitis, nayo ni hivyo hivyo.

Mbona mnazi wa kawaida haukai ndani?

Kwa sababu ni mti wa jua kali. Nazi iliyochipuza hupendeza sebuleni mwaka mmoja hivi, mche ukitumia akiba iliyomo ndani ya nazi. Akiba ikiisha, makuti yanakuwa membamba na marefu, rangi inafifia, na hakuna mbolea itakayoziba pengo la jua. Mnazi wa Manila na ule wa kifalme unaopandwa kando ya barabara kuu ni wa jua vilevile, hata kama muuzaji atakuapia.

Nianze na upi?

Rapisi. Inakua polepole na bei yake inauma, lakini husamehe mengi: mwanga hafifu, kusahauliwa wiki moja, chungu kilichobana. Areka ni rahisi mfukoni, ila ndiyo inayoleta maswali mengi kuliko yote katika ukurasa huu.

Kentia, ile inayosifiwa sana katika majarida ya nyumba za Ulaya, iache. Kwao ni kisiwa cha Lord Howe, Australia, penye hewa ya wastani. Joto letu la usiku huichosha.

Mti wa msafiri na saikasi nayo ni minazi?

La. Mti wa msafiri, ule uliotandaza makuti kama kipepeo, uko karibu na mgomba kuliko mnazi. Saikasi haina hata maua. Ni ukoo wa kale wa mimea inayozaa koni. Kwa vile huuzwa pamoja na minazi, tutaigusa kwenye swali la sumu na la saikasi za msituni.

## Mwanga na mahali pa kuweka

Kivuli ni kiasi gani? Naweza kuuweka pembe ya sebule?

Ukiweza kusoma gazeti mchana bila kuwasha taa, kamedorea na rapisi zitaishi hapo. Ukiwasha taa saa sita mchana, hapo weka sanamu. Areka na likuala zinataka mahali penye mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja: karibu na dirisha lenye pazia jepesi, barazani, au chini ya mwembe ambao majani yake hayakusongamana.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina ua wa ndani, ulio wazi juu na kuta ndefu pembeni. Hapo ndipo mahali bora kabisa: mwanga unashuka kutoka juu, upepo haupigi, na unyevu unakaa.

Nimeuweka barazani penye kivuli, mbona sasa jua linaupiga?

Kwa sababu kivuli cha Mombasa kinahama. Mji uko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita pande zote mbili za nyumba katika mwaka mmoja. Tangu mapema Oktoba hadi mapema Machi jua huegemea kusini, na baraza inayotazama kaskazini huwa kivulini. Miezi iliyobaki ni kinyume: jua linakwenda kaskazini, na mwezi wa Juni linaingia ndani zaidi chini ya paa.

Bahati nzuri ni kwamba miezi ya joto kali, Januari hadi Machi, ndiyo ambayo upande wa kaskazini una kivuli. Bahati mbaya ni kwamba pepo za kaskazi nazo huvuma kutoka upande huohuo wakati huohuo. Kwa hiyo baraza ya kaskazini inafaa, mradi kuwe na ukuta, mkeka au kichaka cha kuvunja upepo.

Upande wa magharibi ni mbaya mwaka mzima. Jua la saa tisa alasiri kule Mombasa hubabua kuti la likuala kwa siku moja. Kama huna pengine, tundika neti ya kivuli inayozuia nusu hadi theluthi mbili ya mwanga.

Kiyoyozi na feni zinaudhuru?

Kiyoyozi kinakausha hewa, na kikielekezwa kwenye makuti kinayakausha ncha. Usogeze mnazi mpaka ukiweka mkono kwenye kuti usisikie baridi inakupiga. Feni ya dari haina neno ikizungushwa taratibu.

Chupa ya kupulizia maji kwenye makuti haihitajiki sana hapa. Unyevu wa Mombasa unatosha, isipokuwa labda kwa chumba ambacho kiyoyozi hakizimwi usiku na mchana.

Nyumba yangu iko ufuoni. Utastahimili?

Aina zote zilizotajwa zinachukia upepo wa chumvi. Kusi ndiyo kali zaidi, kuanzia Aprili mpaka Septemba. Weka mimea hii nyuma ya nyumba, upande usiotazama bahari, na baada ya siku za upepo mkali iogeshe makuti kwa maji matamu. Mbele, upande wa bahari, panda minazi yenyewe au mvinje, kisha nyuma yake ndipo utafute nafasi ya areka. Likuala usiijaribu kabisa mahali ambapo milango hujigonga yenyewe: kuti lake zima hupasuka vipande, na likishapasuka halishonwi.

Niliutoa ndani nikauweka nje, makuti yakawa meupe. Nifanye nini?

Umebabuka na jua. Sehemu iliyobabuka hairudi kijani, lakini kuti lenyewe likiwa bado na kijani nusu liache. Rudisha mnazi kivulini, kisha uutoe upya kwa awamu: wiki ya kwanza jua la asubuhi mpaka saa tatu tu, wiki ya pili mpaka saa nne, na kadhalika kwa wiki tatu au nne.

Hali kama hii hutokea pia siku ya kununua. Mnazi uliosimamishwa kwenye tuktuk kutoka Bamburi mpaka Kizingo, makuti yakipepea njia nzima, hufika umekauka kuliko ulivyoondoka. Kusanya makuti juu, yafunge kwa kamba laini, yazungushie shuka au leso kuukuu.

## Udongo na chungu

Nichanganye udongo gani?

Kinachotafutwa ni udongo unaoshika unyevu bila kutuama maji. Mchanganyiko unaofanya kazi hapa ni sehemu mbili za udongo mwekundu, sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, sehemu moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, na sehemu moja ya usumba au unga wa makumbi.

Mambo mawili yanaharibu mchanganyiko huu. La kwanza ni mchanga wa ufuoni. Ni wa bure, lakini una chumvi na vipande vya makombe, na minazi ya kivulini inapenda udongo wenye uchachu kidogo. La pili ni makumbi yasiyooshwa. Pwani yetu makumbi hufukiwa kwenye tope la bahari ili yaoze na kusokotwa kamba, kwa hiyo usumba ulionunuliwa kwa msokotaji una chumvi tele. Loweka kwenye pipa la maji matamu, kamua, mwaga, rudia. Mara ya kwanza maji hutoka meusi. Yakianza kuwa ya rangi hafifu, onja tone moja kwa ncha ya ulimi. Likiwa bado na chumvi, endelea.

Chungu cha aina gani, na nibadilishe lini?

Chochote chenye tundu chini, hata ndoo ya rangi iliyotobolewa. Chungu cha udongo hupumua na kukauka haraka, kizuri kwa mtu mwenye mkono mwepesi wa kumwagilia. Cha plastiki hushika maji, kizuri kwa msahaulifu. Cha saruji ni kizito, na roshani za ghorofa zina kikomo.

Minazi hupenda kubanwa kidogo. Hamisha pale tu mizizi inapotokeza tunduni au maji yanapopita bila kunyweka, pengine kila baada ya miaka miwili au mitatu, na chungu kipya kizidi cha zamani kwa sentimita 4 au 5 tu. Chungu kikubwa mno hubaki na udongo mbichi ambao mizizi haijaufikia, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia. Usivunje bonge la mizizi, wala usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa.

Uani kwangu ni jiwe la matumbawe. Nipande vipi?

Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya jiwe hilo, na ugumu wake si tatizo kubwa kama chokaa yake. Chokaa hufunga chuma na manganizi, mizizi isiweze kuvinyonya. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60 kama jiwe litakuruhusu, jaza mchanganyiko wa swali lililotangulia, kisha funika juu kwa majani makavu unayoongeza kila mara. Jiwe likikataa, jenga tuta lililozungushiwa mawe, kimo cha magoti. Rapisi na kamedorea ya mianzi hukubali tuta bila taabu.

Wanaotaka ushahidi kwamba matumbawe matupu yanaweza kuwa msitu waende Haller Park, Bamburi: palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, na upandaji wa miti ulianza mwaka 1971 kwa mivinje. Ila walijenga udongo kwanza, na ilichukua miaka.

## Maji

Nimwagilie mara ngapi?

Usihesabu siku. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili: kukiwa na unyevu, acha, kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyotoka. Chungu kidogo unaweza kukiinua. Baada ya mara chache mkono wenyewe utajua uzito wa chungu kilicho na kiu. Wakati wa kaskazi areka iliyo barazani yaweza kutaka maji kila siku mbili, na hiyohiyo wakati wa masika ikakaa wiki mbili bila tone lako.

Minazi mingi ya ndani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Mwenye kiu hukunja makuti na kurudi akinyweshwa. Aliyeoza mizizi naye hukunja makuti, mwenyewe anaona ni kiu, anaongeza maji, na mambo yanaishia hapo.

Maji ya kisima yanafaa?

Visima vingi vya Mombasa vina chumvichumvi, na hili ndilo jambo ambalo vitabu vya nje havitakuambia. Nguo inaweza kufuliwa, mnazi wa bustani mkubwa unaweza kustahimili, lakini ndani ya chungu chumvi haina pa kwenda. Kila unapomwagilia maji hunywewa na chumvi hubaki, mpaka utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu.

Mfereji ukikauka na huna budi kutumia kisima, fanya hivi: kwangua ukoko, na mara moja kwa mwezi osha udongo kwa maji matamu, ukimimina polepole kiasi cha mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu. Masika ikiingia, toa vyungu vyote nje penye kivuli vinyeshewe. Maji ya mvua ya paa ni bora kuliko yote. Weka pipa chini ya mfereji wa bati na ulifunike. Mtungi wa maji matamu wa mwenye mkokoteni si lazima uende wote kwa maua. Ukimwagilia kwa kisima mara tatu na matamu mara moja, tayari umeokoa mengi.

Kisahani chini ya chungu kinaleta mbu?

Ndiyo, na si wa malaria tu unaopaswa kuogopa. Mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana, hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji kama hivi, na ndiye aliyeeneza dengue na chikungunya katika milipuko iliyopiga Mombasa miaka ya 2013 na 2018. Mwaga kisahani kila baada ya kumwagilia. Mayai yake hung'ang'ania ukutani mwa chombo hata kikauke, kwa hiyo kisugue kwa brashi kila wiki, au kijaze mchanga mpaka juu.

## Makuti na mbolea

Kwa nini ncha zinakuwa kahawia?

Hapa Mombasa shuku chumvi kwanza (tazama swali la kisima), kisha kiyoyozi, kisha mbolea iliyozidi. Unaweza kukata ncha kavu kwa mkasi ukifuata umbo la jani, ukiacha ukingo mwembamba wa kahawia. Ukikata ndani ya kijani, jani hukauka tena kuanzia hapo.

Makuti yanageuka manjano. Ni ugonjwa?

Angalia ni makuti yapi. Kuti moja la chini kabisa kugeuka manjano na kufa ni uzee tu. Makuti ya zamani mengi yakiwa na madoadoa ya rangi ya chungwa na kingo kavu, ni upungufu wa potasi. Yakiwa manjano pembeni na kijani katikati, ni magnesi. Kijiko cha chai cha chumvi ya Epsom ndani ya lita mbili za maji, mara moja kwa mwezi, husaidia.

Makuti machanga yakitoka manjano huku ya zamani yakiwa kijani, ni chuma. Yakitoka madogo na kujikunja, ni manganizi. Hayo mawili ndiyo matatizo ya matumbawe, na ya mizizi iliyoloa pia, kwa hiyo kabla ya kununua dawa hakikisha maji hayatuami.

Nitumie mbolea gani?

NPK 17:17:17 inayouzwa kila duka la pembejeo inatosha, kijiko cha chai kimoja kwa chungu cha sentimita 30, kila miezi miwili au mitatu, juu ya udongo wenye unyevu. Samadi ya mbuzi iliyooza ni nzuri pia. Majivu ya jikoni yaache: yana potasi, lakini yanaongeza uchokaa, nao tunao wa kutosha.

Nikate makuti gani?

Yaliyokauka kabisa. Mnazi hunyonya potasi kutoka kuti linalozeeka na kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo ukikata manjano unaunyima chakula chake. Kuna wanaopunguza makuti mpaka yabaki matatu juu ili "upumue". Mti haupumui kwa mkasi.

## Wadudu

Kuna vitu vyeupe chini ya makuti, na masizi meusi juu.

Ni wadudu wanaofyonza utomvu: nzi weupe, ambao miaka ya karibuni wameisumbua sana minazi ya pwani, au wale wa unga mweupe wanaojificha kwenye makwapa ya makuti. Masizi ni kuvu inayomea juu ya utamu wanaoutoa. Futa makuti kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, chini na juu, kisha suuza. Rudia kila siku tano au saba kwa wiki nne, kwa kuwa mayai hayafi. Mafuta ya mwarobaini husaidia, yapulizwe jioni.

Ukiona majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, wanapanda na kushuka shinani, wafuate. Shambani ni rafiki wa mnazi, lakini chunguni mara nyingi wanachunga hao wafyonzaji kwa ajili ya ule utamu.

Chonga naye hushambulia minazi midogo?

Chonga, yule mende mwenye pembe, hupenda minazi mikubwa ya jua, na hutoboa kileleni. Chunguni hana haja. Hatari ni samadi mbichi na magogo ya minazi yanayooza uani, ambamo funza wake hukulia. Ukipekua samadi ukakuta funza wanene weupe waliojikunja, watoe wote kabla ya kuitumia.

## Kuzalisha

Naweza kuugawa ukawa miwili?

Rapisi na kamedorea ya mianzi, ndiyo. Subiri masika, chagua chipukizi lenye mizizi yake na makuti matatu au manne, likate kwa kisu kikali, lipande kivulini. Litanuna miezi kadhaa bila kutoa kuti jipya, usilichokoe.

Kamedorea ndogo haichipui pembeni. Kile kinachoonekana kama kichaka ni miche mingi iliyopandwa chungu kimoja, na ukiitenganisha mizizi hukatika na wengi hufa.

Na mbegu?

Lazima ziwe mbichi. Mbegu iliyokauka dukani mara nyingi imekufa. Menya nyama ya tunda, loweka siku mbili, panda kwenye mchanga na usumba uliooshwa. Areka huota ndani ya miezi miwili au mitatu kwa joto letu. Likuala huweza kukuweka nusu mwaka au zaidi. Anayeagiza mbegu kutoka nchi za nje apate kwanza kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla mzigo haujaondoka kule.

## Maswali ya pembeni

Nina watoto na paka. Ipi ina sumu?

Areka, rapisi na kamedorea hazina sumu kwa paka wala mbwa. Matunda ya mkia wa samaki yanawasha vikali, hata mikononi. Mtende mdogo wa mapambo, Phoenix roebelenii, una miiba mirefu kwenye mashina ya makuti, kimo cha macho ya mtoto. Saikasi ndiyo ya kuogopwa: sehemu zote zina sumu, mbegu zaidi, na mbwa akizila ini lake huweza kuharibika. Asisubiriwe atapike, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Ni kweli unasafisha hewa ya nyumba?

Habari hii ilitokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, uliofanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikadiria kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Fungua dirisha. Na wanaohofia kulala chumba kimoja na mnazi usiku: hewa anayoitumia mtu mmoja kitandani ni nyingi kuliko ya areka nzima.

Umegusa dari. Nikate kilele?

Ukikata kilele cha shina la mnazi, shina hilo limekufa. Halina jicho lingine. Kwa aina zenye mashina mengi, kata shina refu lote kutoka chini na uache mafupi. Kwa yenye shina moja, utoe nje au umpe mwenye dari ndefu.

Mkia wa samaki umetoa maua, sasa shina linakauka.

Ndivyo ulivyoumbwa. Shina lake hutoa maua kuanzia juu kushuka chini, na likimaliza hufa. Likate, machipukizi ya pembeni yatachukua nafasi.

Kuti changa la katikati limekauka peke yake.

Lishike kwa vidole viwili, livute taratibu. Likigoma, ni ukavu wa kawaida. Likichomoka bila nguvu, mwisho wake ukiwa laini, wa kahawia na wenye harufu ya uozo, kilele kimeoza. Acha kumwagilia juu, mimina dawa ya kuvu yenye shaba ndani ya tundu hilo, weka mnazi penye hewa, na usubiri. Ukiwa na bahati kuti lingine litatokeza baada ya miezi miwili au mitatu, mara nyingi likiwa fupi na limekatika ncha. Chungu kama hicho kitenge na vingine.

Kuna mtu ananiuzia saikasi kubwa ya msituni kwa bei rahisi. Ninunue?

Usinunue. Saikasi ya asili ya pwani yetu, Encephalartos hildebrandtii, hukua polepole mno, na jamii yake yote imo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ile yenye ulinzi mkali kuliko zote. Iliyong'olewa pia hupoteza mizizi mingi na kufia kwa mnunuzi. Ukitaka cha kienyeji, mkindu unamea vizuri kwenye ua wenye unyevu, una miiba lakini huota kichaka cha kupendeza, na makuti yake machanga yatakupa ukindu wa kusuka.